Kiuno cha Mangi na Suti Isiyo na Akiba

Marahaba, vijana. Najua hamjaniamkia, lakini nimeitikia mapema ili tusipoteze muda, maana siku hizi mteja anafika kibarazani masikio yamezibwa na muziki, anatupa suruali mezani na kuondoka. Mimi nimeshona suruali za wanaume Kariakoo kwa miaka thelathini na minane, nimestaafu kwa sababu tundu la sindano limeanza kunikwepa. Mafundi wenzangu waliobaki wameniomba niwaandikie ninyi mnaoanza kazi, nadhani wakitegemea nitaeleza namna ya kuweka zipu. Zipu mtafundishwa na yeyote. Mimi nitawaeleza habari za matumbo ya watu.

Msicheke. Daktari anamwona mtu akishaumwa, sisi tunamwona kila Idi na kila Krismasi, amenyoosha mikono pembeni na futi yetu iko kiunoni mwake. Hakuna anayejua kiuno cha mwanamume kuliko fundi wake. Hata mkewe hajui, kwa sababu mke hapimi. Na kwa kuwa tunajua, tuna dhambi zetu, na yangu nitaitaja nikishawapa kazi kidogo.

Mwanamume yeyote akihisi futi inamgusa, anavuta tumbo ndani. Hafanyi kusudi. Ukimwambia aache kuvuta, atakuambia havuti. Dawa yake ni kumuuliza habari za mama mkwe wake. Sijaona mtu anayeweza kujibu swali hilo bila kutoa pumzi yote, na akishaitoa tumbo linarudi kwake, hapo ndipo unasoma namba. Tena pima sehemu mbili, pale mkanda unapokaa na pale kitovu kilipo. Wengi mkanda umeshahamia chini ya tumbo, kwa hiyo mtu atakuapia kwamba anavaa saizi ileile tangu ujana, na wala hasemi uongo. Kilichonenepa kinaning'inia juu ya mkanda.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mfaume, Mungu amrehemu. Alinifundisha kuacha vidole vinne vya kitambaa ndani ya mshono wa nyuma wa suruali. Hiyo tunaiita akiba, ili mwenye suruali akinenepa mshono ufumuliwe na kiuno kiachiwe. Hiyo ni kazi halali kabisa. Ila alinifundisha na nyingine. Mteja akileta suruali kubadilishwa zipu, mwachie na kiuno nusu inchi kimyakimya, asijue. Akiivaa ataona imemkaa vizuri, atafurahi, atarudi.

"Issa," alikuwa akiniambia, "mteja haji kwako kuambiwa ukweli. Ukweli anao kwenye kioo chake."

Niliiona hekima kubwa sana. Nimeitumia miaka mingi, mpaka ilipokaribia kummaliza miguu rafiki yangu.

Rafiki huyo jina lake Aloyce, Mchaga wa Kibosho, ila mtaa mzima tulimwita Mangi. Duka lake lilitazamana na kibaraza changu, akiuza mafuta ya kula kwa jumla, madumu yamepangwa mpaka darini. Mimi ni mtu wa Lindi. Yeye alikuwa akinitania kwamba sisi wa kusini tukivuna korosho tunaongeza mke, mimi nikimtania kwamba wao Krismasi wakikosa kwenda kwao wanapata homa. Tuliishi hivyo kwa raha.

Mangi alikula kwa moyo wake wote. Asubuhi supu ya utumbo na chapati tatu. Saa nne sambusa na soda. Mchana wali nyama wa Mama Zuhura, mama lishe wetu wa nyuma ya jengo, na sahani ikipungua alikuwa anapiga kijiko mezani aongezewe. Jioni chipsi mayai. Jumamosi alikwenda kula ile nyama ambayo dini yangu imeniruhusu kujua harufu yake tu. Ukimwambia apunguze, alikuwa na jibu tayari.

"Mimi nauza mafuta, Fundi. Nisipoyala mwenyewe, nani atayaamini?"

Nami nikawa naachia. Nusu inchi wakati wa zipu, nusu inchi wakati wa pindo. Akileta kitambaa kipya nakata kwa kiuno cha kweli, kisha namtajia thelathini na sita na kumwandikia thelathini na sita daftarini. Miaka tisa. Kila akivaa anajipiga tumbo na kusema, "Unaona, Fundi? Nakula lakini mwili wangu haushiki." Nami namwitikia, huku nyuzi nilizofumua kwenye suruali zake zikitosha kujaza mto.

Magoti ndiyo yaliyoanza kusema. Stoo yake ilikuwa ghorofa ya tatu, akaacha kuipanda. Halafu akawa anawahudumia wateja amekaa. Asubuhi magoti yalikuwa yamevimba, yana moto ukiyashika, na vidole vya mikono vimekaza hata kufungua kufuli ni shughuli. Alipaka kila dawa inayouzwa Kariakoo, na mnajua Kariakoo hakuna kisichouzwa. Alinunua hadi fimbo, akasema ni ya kufukuzia paka.

Kisha posa ya binti yake Neema ikakubaliwa, harusi ikapangwa baada ya miezi sita. Neema ni mtoto wake wa pekee. Mama yake alifariki mtoto akiwa darasa la pili, Mangi akamlea mwenyewe, akamsuka nywele mwenyewe, vibaya sana, mtaa mzima ni shahidi. Kanisa walilochagua lina ngazi kumi na moja hadi mlangoni. Mangi alikuwa ameshakwenda kuzihesabu.

"Nataka nimshike mkono nipande naye hadi madhabahuni," aliniambia. "Bila fimbo. Sitaki watu wamwangalie baba badala ya bibi harusi."

Ndiyo sababu akaenda kliniki moja kule Upanga, kitu alichokuwa amekikwepa kwa miaka. Alirudi na bajaji, akashuka kwa shida, hakwenda dukani kwake. Alikuja moja kwa moja kwenye cherehani yangu.

"Fundi, kiuno changu namba ngapi?"

"Thelathini na sita."

"Toa futi."

"Mangi, nina suruali ya mtu hapa anaisubiri."

"Toa futi, Issa."

Hakuwahi kuniita jina langu kabla ya siku ile. Nikaitoa. Akajizungushia mwenyewe, kwenye kitovu, akaniambia nisome. Nikasoma kimoyomoyo. Akaniambia nisome kwa sauti, na muuza maandazi pale pembeni asikie.

"Arobaini na nne," nikasema.

"Sista wa kule kliniki kaniuliza nimenenepa lini. Nikamwambia sijanenepa, tena kwa kiburi, nina fundi wangu shahidi. Alicheka mpaka akaweka kalamu chini." Hakuwa anapiga kelele, na afadhali angepiga. "Ningejua nikiwa thelathini na nane, ningeshtuka. Ningejua nikiwa arobaini, ningefanya kitu. Wewe umenishona macho, Fundi."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku niliyomshonea shehe mfuko nje ndani. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua walimsema mgonjwa anayejificha. Hapa mgonjwa hakuficha chochote. Niliyemfichia ni mimi, tena kwa uzi wa rangi ileile ili usionekane.

"Kesho tunaenda wote," akasema. "Na mwongo akasikilize."

Muuguzi yule aliitwa Sista Agnes, umri wa mwanangu wa mwisho. Alituamkia shikamoo kwa adabu, tukaitikia, kisha akatukalisha chini na kutusema kama watoto waliochelewa shule.

"Baba, magoti yako yamebeba mzigo, hilo unalijua," alimwambia Mangi. "Ila kuna jingine. Mafuta ya tumboni hayajakaa tu kama dumu stoo. Yanafanya kazi mchana na usiku, yanatoa vitu vinavyouambia mwili kwamba umeumia mahali. Mwili unatuma walinzi wake. Walinzi wakifika hawakuti jeraha, na wala hawaondoki."

"Sasa wanafanya nini?"

"Mmeshaona walinzi wa ghorofa wanaokaa miezi bila mwizi? Wanaanza kugombana na wapangaji. Ndiyo hivyohivyo. Wanasumbua viungo, wanasumbua mishipa ya damu, wanafanya sukari isitumike inavyotakiwa. Ni uvimbe wa chini kwa chini. Huuoni kwa macho, lakini uko."

Mangi akafikiri. "Kwa hiyo mimi nawalisha walinzi."

"Kwa supu na chapati tatu, baba."

Akatueleza chakula, na nilisikiliza kuliko nilivyotaka. Alisema hakuna mboga wala kiungo kimoja ambacho peke yake ni dawa, na atakayemuuzia Mangi unga wa kuondoa kitambi amkimbie. Vidonge alivyopewa na daktari asiviache. Ila mtu akipunguza sukari, vya kukaanga na unga uliokobolewa, akala zaidi mboga za majani, maharage, matunda, karanga kiasi na samaki, na tumbo likapungua hata kidogo, wale walinzi nao wanaanza kurudi makwao. Si kwa wiki moja. Mangi akauliza kama chapati ni ya kukaanga. Sista Agnes akaandika chapati kwenye karatasi, akaipigia mstari mara mbili.

Kisha akanigeukia. "Na wewe baba, kiuno chako ngapi?"

Nikacheka. Nikamwambia mimi ni mwembamba tangu kuzaliwa. Vijana, mimi nimefanya kazi maisha yangu yote nimevaa kanzu, kwa ajili ya joto. Kanzu haina kiuno. Sista akanyoosha mkono, akachukua futi yangu mwenyewe iliyokuwa shingoni, akaniuliza bibi hajambo. Nikajibu, nikatoa pumzi. Arobaini na moja. Kinyozi hajinyoi, kweli, na Mangi alicheka kutoka Upanga hadi Kariakoo, mpaka dereva wa bajaji naye akataka kuelezwa.

Wiki ile ile Mangi akaleta kitambaa cha suti, cha buluu iliyokolea. Akakiweka mezani.

"Kata kiuno cha arobaini. Bila akiba. Hata uzi mmoja usiniachie."

"Na ukishindwa?"

"Nitamsindikiza binti yangu nimevaa shuka."

Nikakata, nikashona, akaitundika dukani kwenye msumari katikati ya madumu ya mafuta, aione kila akigeuka. Ila lazima niseme ukweli, kwa kuwa nimeshaanza kuusema. Mkono ulikataa. Miaka thelathini na minane haifutiki kwa agizo moja. Nilimwachia vidole vitatu vya akiba mshono wa nyuma, nikavikunja vizuri, nikavifunika kwa bitana. Nilijiambia ni huruma.

Kazi ngumu ilikuwa Mama Zuhura. Siku ya kwanza Mangi alipoagiza ugali wa dona, mchicha na maharage, yule mama aliweka mwiko chini, akakaa kwenye benchi karibu naye.

"Mangi, biashara imekuendea vibaya?"

"Hapana, mama, napunguza mwili."

"Usinifiche, mimi ni kama dada yako. Kula nyama, utakuja kunilipa Mungu akijalia."

Mnajua watu wa mjini. Mfanyabiashara wa jumla akila mchicha siku tatu mfululizo, basi amefilisika. Habari ikavuka mtaa kabla hatujanawa mikono. Wenye maduka watatu wakaja kumpa pole, wamebeba kreti zima la soda. Mmoja akamuuliza kwa sauti ya msibani kama fremu ya duka itakuwa wazi mwezi gani. Mangi aliwafukuza kwa ile fimbo ya paka, na kwa mara ya kwanza niliona ametembea haraka.

Mama Zuhura alipoelewa, alituchukulia sote wawili kama mradi wake, maana nami nilishajiunga na mchicha. Kila asubuhi alikuwa akienda soko la samaki la Feri kuchukua samaki wa kukaanga, sasa akawa anatutengea vibua wawili, anawachemsha kwa nyanya, limao, tangawizi na bizari. Mafuta ya kukaangia aliyokuwa akiyarudia siku tatu akaanza kuyamwaga, ingawa aliyamwaga huku akimtazama Mangi kama aliyemtia hasara. Mimi nikamwelekeza kisamvu cha kwetu chenye karanga, na Mangi akakubali kwa mdomo wake kwamba watu wa kusini wana kitu kimoja kizuri. Nusu ya sahani ikawa mboga. Chai tukanywa ya tangawizi bila sukari. Siku tatu za kwanza alikuwa anaimeza amefumba macho, ya nne akasahau kufumba.

Msidhani alinyooka moja kwa moja. Mwezi wa pili kiuno kilisimama, hakishuki hata nusu inchi, na Mangi anaapa kwa marehemu mama yake kwamba anakula vile tunavyokula. Nikamwambia alete suruali zake nizipunguze pindo. Hapa sikilizeni vizuri, maana hamtafundishwa chuoni. Mdomo unaweza kuapa, lakini mfuko wa suruali hauna siri. Nikaipindua ya kwanza, wakatoka sisimizi. Ya pili, sisimizi na chengachenga za kashata. Ya tatu ilikuwa na nusu ya andazi lililofungwa kwenye risiti yake mwenyewe.

Nilivipanga mezani, nikamwita. Alivitazama vile vitu.

"Hao sisimizi ni wa kwako," akasema. "Kibaraza chako kichafu."

"Mangi, Neema ananiuliza kila siku kama baba yake ataweza. Nimwambie nini?"

Akakaa kwenye kile kigoda cha wateja. Akaniambia kwamba saa kumi jioni duka likipoa ndiyo inakuwa ngumu, si njaa, ni upweke, na kashata inakaa mdomoni kama mtu wa kuongea naye. Nilimpenda sana dakika ile. Tangu siku hiyo saa kumi nilikuwa nafunga cherehani, navuka barabara na karanga za kuchemsha au chungwa, tunakula tunabishana mpaka jua lipungue. Baadaye tukaanza kubishana huku tunatembea, kuzunguka jengo mara moja, halafu mara mbili. Mwezi wa tano alipanda stoo yake ghorofa ya tatu, akapumzika kila kona, akaniita kutoka dirishani kama mtu aliyefika kileleni kwao.

Magoti hayakuwa mapya, nisiwadanganye. Asubuhi za baridi bado yalikuwa yanalalamika. Lakini ule moto ulipungua, na kufuli alikuwa anafungua mwenyewe.

Hapa niseme neno kuhusu mambo yenu ya kisasa. Mnashona sasa suruali za kuvutika, kiunoni mpira, na zinauzika kuliko maandazi. Sizikatai. Ila kila nikiuona ule mpira namkumbuka Mzee Mfaume, maana unafanya kazi ileile, unamwachia mtu nusu inchi bila kumwambia, na hauna hata aibu ya kuchukua uzi wa rangi moja. Ukimshonea mtu ya mpira, mpime vilevile, umtajie namba. Mtajie polepole, mkiwa wawili, lakini mtajie.

Siku ya harusi nilifika kwa Mangi mapema kumvalisha. Nilikuwa na wembe mdogo, sindano na uzi wa buluu mfukoni, tayari kumfumulia vile vidole vitatu chooni ikibidi, aseme ni mapenzi ya Mungu. Akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili, akavuta juu. Nilimuuliza habari za mama mkwe. Akajibu kwa urefu. Kifungo kikafunga.

Pale kanisani nilisimama chini ya ngazi na Mama Zuhura. Neema alimshika baba yake mkono, wakaanza. Ngazi ya saba alisimama, watu wakabana pumzi, nami mkono ukaenda mfukoni kwenye wembe, sijui nilifikiri wembe utasaidia nini magoti. Akarekebisha shela ya binti yake, kumbe ndicho alichosimamia, akaendelea hadi juu. Nililia waziwazi, na Mama Zuhura akanifuta kwa khanga iliyonukia vitunguu.

Ukumbini, watu wakila, Mangi aliniita pembeni. Sahani yake ilikuwa na mboga nyingi na kipande kimoja cha ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, si viwili. Akatoa kwenye mfuko wa ndani wa koti kipande cha kitambaa kilichokunjwa. Cha buluu iliyokolea, upana wa vidole vitatu.

"Mali yako hii, Fundi."

Nikakipokea, nikakipima kwa vidole vyangu.

"Wiki ileile uliyonipa suti niliipeleka kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, akafungua bitana, akaikata. Nilijua hutaweza kuniacha bila akiba. Nyie wa kusini mna huruma, ndiyo tatizo lenu."

"Na ungeshindwa, Mangi? Leo ungefanyaje?"

"Ningefanyaje, wakati akiba haikuwepo?" akasema, akarudi kwa binti yake.

Nilikikunja kile kipande nikakitia mfukoni pamoja na wembe. Mfuko wa suruali, vijana, si wa kanzu. Kiuno thelathini na nane, nimejipima mwenyewe kwenye kitovu, huku nikijiuliza kwa sauti habari za mama mkwe wangu.